Niliuzia Chama cha Mama Majogoo 28

Wale mmekuwa mkiniuliza mbona nilinyamaza tangu Novemba, na mbona zile vidio za "doa ama hakuna doa" nilizitoa, leo nawajibu. Simu haikuibiwa. Kuku hawakufa. Niliuzia kina mama wa chama vifaranga 60, nikawaahidi kwamba wote ni wa kike, na karibu nusu yao wakakua wakawa majogoo. Mmoja wa hao kina mama ni mamangu mzazi, na ndiye mweka hazina wa chama.

Hii ni ndefu. Kama uko kwa matatu, poa, utashuka ukiwa umemaliza.

Mnajua niliacha chuo. Huwa nasema kwa vidio kwamba niliacha kwa sababu darasa halinifai, mimi ni mtu wa kujituma, na hayo maneno mengine ambayo sisi wote tulioacha chuo huwa tunasema. Ukweli ni kwamba nilikuwa na deni la karo la elfu 47, na mwaka wa pili nilifeli jenetiki. Nilipata 34. Ilibidi nirudie mtihani na kuulipia, na pesa ya kulipia sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo sijui kama ningeenda, kwa sababu aibu ilikuwa imeshanikalia. Nilirudi nyumbani Ruiru na sanduku moja na kitanda cha kukunja.

Swali lililonimaliza nalikumbuka hadi leo. Lilikuwa la mraba wa Punnett. Kile kisanduku cha kuchora ukiweka jeni za baba juu na za mama kando, halafu unajaza katikati kuona watoto watatokaje. Ukiniuliza wakati huo Punnett ni nani ningekuambia ni mtu aliyezaliwa kunisumbua. Kumbe Reginald Punnett alikuwa mtu wa kuku! Yeye na mwenzake William Bateson, kule Cambridge, walikuwa wanafuga kuku wakihesabu vifaranga. Mwaka 1902 Bateson alitumia kuku kuonyesha kwamba zile sheria Mendel alizitoa kwa njegere zinafanya kazi hata kwa wanyama. Na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chakula cha mifugo kikiwa kidogo, Punnett akaonyesha kwamba ukichagua wazazi wa rangi fulani, unaweza kujua kifaranga wa kike na wa kiume siku ile ile wametotolewa, kwa manyoya tu. Usilishe jogoo miezi mitatu ukidhani ni kuku wa mayai.

Hayo nimeyajua nikiwa nyuma ya nyumba na ndoo ya maji mkononi. Chuoni hakuna aliyenikataza kuyasoma. Ni mimi sikusoma.

Kuku walianza kama mambo ya kupitisha muda. Mama alikuwa na banda tupu, na mimi nilikuwa na mdomo mkubwa na simu. Nikanunua kuku sita wa kike wa Barred Plymouth Rock, wale wenye milia ya nyeusi na nyeupe mwili mzima, ukimwangalia sana macho yanacheza. Na jogoo mmoja wa Rhode Island Red, mwekundu kama udongo wa Murang'a baada ya mvua. Sikuwachagua kwa urembo. Nilikuwa nimeona mahali kwamba huo mchanganyiko unatoa vifaranga unaowajua jinsia siku ya kwanza, na kwa sababu jenetiki ilikuwa imenishinda, nilitaka kuishinda pia.

Acha niwaeleze vile inafanya kazi, kwa sababu bila hii hutaelewa vile nilijichoma.

Kwa binadamu, baba ndiye mbegu yake huamua mtoto awe mvulana ama msichana. Mama ana X mbili, baba ana X na Y. Kwa kuku ni kinyume. Jogoo ndiye ana mbili zinazofanana, zinaitwa Z na Z. Kuku wa kike ana Z moja na W moja. Kwa hivyo yai ndilo linaamua. Mama akitoa Z, kifaranga ni jogoo. Akitoa W, ni wa kike. Wale wazee wanaofukuza mke kwa sababu amezaa wasichana watupu wangekuwa kuku, kidogo wangekuwa na hoja.

Sasa jeni ya milia inakaa kwenye Z. Haiko kwa W kabisa. Fikiria mama wa milia. Ana Z moja tu, na milia iko hapo. Hiyo Z anampa nani? Mtoto wa kiume peke yake. Binti anapewa W, ambayo haina milia. Kwa maneno mengine, kuku wa kike mwenye milia hawezi kumrithisha binti yake milia hata akitaka. Binti akipata milia, imetoka kwa baba.

Ukimpa huyo mama jogoo mwekundu ambaye hana milia, hesabu ni rahisi: vijana wote wanatoka na milia, mabinti wote wanatoka bila. Na uzuri ni kwamba huhitaji kungoja manyoya. Vifaranga hao wanatoka weusi, na ile jeni ya milia ikiwa ndani inajionyesha kama doa jeupe juu ya kichwa, kama mtu amepakwa unga na kidole. Ana doa, jogoo. Hana doa, wa kike. Kwisha.

Nilitotoa mara nne kati ya Januari na Mei mwaka jana. Mashine sina, nilikuwa napeleka mayai kwa jamaa wa mtaa wa pili anayetotolea watu, unamlipa kwa kila yai. Kila mara tukifungua trei nilikuwa natetemeka. Na kila mara ilikuwa kweli. Niliwauzia majirani, na miezi miwili baadaye nikazunguka kuhakikisha. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Hata mmoja! Ndipo nikaanza zile vidio. Mkono mmoja, kifaranga mmoja, tochi ya simu kichwani, "doa ama hakuna doa?" Moja ilipita watazamaji laki mbili. Watu wakaanza kuniita daktari wa kuku.

Na hapo ndipo uongo ulianza. Sikusema mimi ni daktari. Lakini mtu akiniuliza haya umeyajulia wapi, nilikuwa nasema "chuo". Neno moja tu, sio uongo kabisa. Mama alikuwa anasema zaidi. Alikuwa ananitambulisha kwa watu, "Huyu wangu yuko chuo, anasomea mambo ya vizazi." Yuko. Anasomea. Tulikuwa hatujawahi kukaa chini tukakubaliana kudanganya, lakini nilipowahi kumwambia, "Mama, si uwaambie nilimaliza hiyo safari," alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe si utarudi?" Sikujibu. Basi ikabaki "yuko".

Juni wezi wakaruka ukuta. Walichukua kuku watano kati ya wale sita wa milia, wakaacha mmoja ambaye alikuwa amelala juu ya mti wa parachichi kwa sababu hapendi watu. Mwezi uliofuata jogoo wangu mwekundu akaanza kuwashambulia watoto wa plot, na mzee mmoja akaja na shilingi 1,800 mkononi, harusi iko Jumamosi. Nikamuuza. Nilijiambia sio shida, kwa sababu banda lilikuwa limejaa watoto wake: kuku 11 weusi wa kike, wale wa bila doa niliowaweka, wameanza kutaga, na kijana mmoja wa milia niliyempenda sana, mrefu, mkia kama upinde. Nikamwachia banda.

Ndio, nilikuwa nimeoza ndugu na dada. Usiniangalie hivyo.

Septemba mwenyekiti wa chama akamwambia mama kwamba wanataka kuanza biashara ya mayai. Kina mama 12, kila mmoja vifaranga watano, wote wa kike, wasipoteze pesa ya chakula kwa majogoo. Vifaranga 60 kwa shilingi 200, jumla 12,000, waliyonilipa mbele yote. Mama ndiye aliitoa kwa kibeti chake, akanihesabia mezani mbele ya wote, na akasema tena lile neno. "Yuko chuo, hawezi kukosea."

Nikapeleka mayai kutotolewa, awamu tatu. Wakatoka vifaranga 171. Na sikilizeni, walitoka vizuri kabisa! Weusi wenye doa, weusi wasio na doa, karibu nusu kwa nusu. 67 na 63. Unaona vile inavyofanana na ukweli? Kama wote wangetoka na doa, ningeshtuka. Kama hakuna angetoka na doa, ningeshtuka. Lakini nusu kwa nusu ndiyo niliyokuwa nimezoea. Nikawatenga wasio na doa, nikachukua 60, nikawaweka kwa maboksi yenye matundu, nikapeleka.

Kulikuwa na ishara mbili, na zote nilizipita.

Ya kwanza, vifaranga 41 walitoka wekundu-wekundu. Kwa totoo zangu za kwanza, wote walikuwa weusi. Nikasema basi, hiyo ni damu ya babu yao. Ilikuwa kweli ni damu ya babu yao, na hiyo ndiyo ilikuwa shida! Weusi wa kuku wangu ulikuwa nusu tu, upande mmoja mweusi upande mwingine mwekundu, na weusi ndio unaofunika. Ukioza wawili wa aina hiyo, robo ya watoto wanatoka na wekundu pande zote mbili. Robo ya 171 ni kama 43. Punnett mwenyewe alikuwa ananipigia simu na mimi nikakata.

Ya pili ilikuwa mzee wa agroveti. Alikuja nyumbani kuleta dawa ya chanjo, akamwangalia jogoo wangu wa milia muda mrefu. Akasema, "Huyu ni mweusi sana. Jogoo wa milia kamili huwa mweupe-mweupe. Huyu ana damu mbili." Mzee hajasoma jenetiki popote, ni macho tu ya miaka. Na alikuwa sahihi. Jogoo kamili anabeba milia kwa Z zote mbili, dozi mbili, kwa hivyo rangi yake inapauka kuliko ya kuku wa kike mwenye dozi moja. Wangu alikuwa na weusi wa kike, kwa sababu alikuwa na dozi moja. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mzee, haya mambo nayasoma chuoni." Alicheka kidogo, akachukua pesa yake ya chanjo, akaenda. Hilo jibu linaniuma kuliko zile 12,000.

Katikati ya Novemba mama akapigiwa simu. Halafu nyingine. Jioni akaja kwa mlango wa chumba changu, hakuingia. "Kuku wa mwenyekiti wameota upanga." Upanga ni ile nyama nyekundu ya kichwani, kama hukukulia na kuku. Wakiwa wiki ya sita mpaka ya kumi, ya majogoo inakuwa nyekundu na kubwa mapema, na ya wa kike inabaki ndogo, imepauka. Miguu nayo inanenepa. Kwa yule mama wa mitumba, mmoja alikuwa ameshajaribu kuwika, akatoa sauti kama mlango usio na mafuta.

Nilizunguka nyumba zote 12 kwa siku mbili. Vifaranga sita walikuwa wamekufa. Kati ya 54 waliobaki, wa kike walikuwa 26. Majogoo 28.

Usiku huo ndio nilichora ule mraba. Mara ya kwanza tangu mtihani. Nyuma ya risiti ya chakula cha kuku. Baba: Z yenye milia, Z isiyo na milia. Mama: Z isiyo na milia, W. Nikajaza vile visanduku vinne na ikachukua kama dakika moja. Kijana mwenye milia, kijana asiye na milia, binti mwenye milia, binti asiye na milia. Moja, moja, moja, moja. Doa halikuwa linaniambia jinsia tena. Lilikuwa linaniambia tu ni Z gani baba ametoa, na baba hajui anampa nani. Nilikuwa nimeuza bahati nasibu kwa bei ya uhakika.

Nilikaa na hiyo risiti muda. Sikulia, lakini nilikumbuka mwalimu akisema tusikariri matokeo, tufuate wazazi. Mimi nilikariri: doa ni jogoo. Ilinipa laki mbili za watazamaji, na haikuwa kanuni ya kuku, ilikuwa kanuni ya wazazi wale wawili tu.

Mkutano wa chama ulikuwa Jumapili, kwa mwenyekiti, chini ya turubai. Mama alivaa ile kofia yake ya kanisa na hakuongea njiani. Nilikuwa nimebeba vikombe viwili na mfuko wa maharagwe, meupe na mekundu, na punje za mahindi. Nilikuwa nimeamua nisiongee Kiingereza hata kidogo, maana nikiongea Kiingereza watadhani najificha.

Nikaweka kikombe cha kwanza. "Hiki ni jogoo. Ana maharagwe mawili. Jeupe ni milia. Jekundu ni bila." Yule jogoo wangu mpya, nikamwekea moja jeupe, moja jekundu. Kikombe cha pili ni mama kuku, mweusi. "Huyu ana haragwe moja jekundu na punje moja ya mahindi. Kifaranga akipata mahindi, ni wa kike." Nikawaambia kila mmoja achomoe kimoja kutoka kila kikombe bila kuangalia, aseme amepata nini, kisha arudishe.

Mama wa mboga akapata jekundu na mahindi. Wa kike, hana doa. Aliyefuata, jeupe na mahindi. Wa kike, ana doa. Aliyefuata, jekundu na jekundu. Jogoo, hana doa.

"Huyo ndiye uliniuzia," akasema mama wa mitumba.

"Ndiye."

Wakaendelea kuchomoa hata mimi nikiwa nimenyamaza. Halafu mwenyekiti, ambaye alikuwa amekunja mikono wakati wote, akasema, "Kwa hivyo mahindi hayajui haragwe gani limetoka kwa kile kikombe kingine." Mimi ilinichukua mihula miwili na kurudi nyumbani kuelewa hiyo sentensi. Mwingine akasema hii ni githeri, na watu wakacheka, na nilidhani hapo imeisha.

Halafu mmoja, mkubwa wao kwa umri, akauliza, "Sasa wewe, si unasoma hii chuoni? Hawakukufundisha kabla utuuzie?"

Nikasema siko chuo. Nikasema niliacha mwaka wa pili na hili ndilo somo nililofeli. Nilisema nikiangalia vile vikombe.

Kimya cha chini ya turubai kina sauti yake, unasikia hadi nzi. Nilikuwa nangoja mtu aniambie kitu kibaya. Mama ndiye aliyesimama. Akasema, "Huyu hakuwaambia yuko chuo. Mimi ndiye nilisema. Nilijua hayuko." Akakaa. Akafungua kibeti, akaanza kuhesabu pesa za wanachama kama kawaida, mikono ikitetemeka kidogo.

Hawakumnyang'anya uweka hazina. Lakini mikutano miwili iliyofuata hakwenda, alituma kibeti na daftari kwa jirani.

Sasa deni. Hawakutaka pesa, walitaka kuku wa mayai. Kina mama kadhaa waliamua kubaki na majogoo tisa wawakuze hadi Pasaka, wakasema hao wahesabiwe wamelipwa. Mengine 19 nikayarudisha nyumbani, ninayalisha mimi, na yanapigana asubuhi hadi jioni. Nikabaki nadaiwa vifaranga 19 wa kike, wa uhakika.

Na uhakika nilikuwa nao mmoja tu: yule kuku wa milia aliyelala juu ya parachichi usiku wa wezi. Nimemtafutia jogoo mwekundu wa 1,500, na wale weusi 11 na jogoo wao mzuri wako upande wao, mayai yao ni ya kula. Kila kijana wa huyu kuku lazima achukue ile Z yake moja ya milia, kwa hivyo asiye na doa hawezi kuwa jogoo. Nilidhani siri ilikuwa kwa jogoo mwekundu. Siri ilikuwa kwa mama.

Shida ni kwamba ni kuku mmoja. Anataga mayai matano kwa wiki akiwa na moyo. Mengine hayatotolewi, na wanaototolewa nusu ni majogoo. Tangu Januari nimelipa vifaranga 10, nikipeleka wawili hapa, watatu pale, kwa boksi la viatu. Mama wa mboga alimmulika wake kichwani kwa tochi kabla ya kumpokea. Ana haki.

Kwa wale mnaofuga ama mnataka kuanza, nitasema tu hivi, na sio ushauri wa daktari. Mtu akikuuzia vifaranga wa siku moja akisema "wote wa kike", usiangalie kifaranga. Uliza mama yake ana rangi gani na baba yake ana rangi gani, na kama wazazi wenyewe ni watoto wa mchanganyiko, toa nauli yako urudi nyumbani. Mchanganyiko huu hufanya kazi kizazi kimoja. Wajukuu hawafuati. Na mkiona mtu anasema "kienyeji" kana kwamba ni aina moja ya kuku, mjue hapo ndani kuna jeni za kila mtaa.

Shosho wangu kule Busia ana wale wa shingo tupu, wanaofanana na tai mdogo. Nilikuwa nawacheka nikiwa mtoto. Kumbe jeni moja hiyo inapunguza manyoya mwilini kwa kama asilimia 20 kuku akiwa na nakala moja, na hadi kama 40 akiwa na mbili, na kwa joto wanavumilia kuliko wenzao. Nilimpigia Krismasi nikamuuliza kama anajua kutofautisha. Akasema, "Yule mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo, watoto wake wengine hutoka na shingo ya kawaida. Yule asiye na kishada, wote hutoka uchi." Nakala moja, nakala mbili. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema si kuku wako hapo nje, unawaona.

Niliwahi kurudi pia kwa mzee wa agroveti. Nilinunua dawa ya minyoo ambayo sikuhitaji. Nikamwambia, "Ulisema ukweli kuhusu yule jogoo." Akasema, "Jogoo gani?" Alikuwa amesahau. Mimi nilikuwa nimebeba hiyo kitu miezi mitatu.

Zile vidio za doa sitazirudisha vile zilivyokuwa. Nitatengeneza mpya na vikombe na githeri. Na hapo juu kwa wasifu wangu nimefuta ile "mwanasayansi wa kuku". Nimeandika "nafuga".

Deni limebaki tisa, na sasa kuku wangu wa milia ameamua kuatamia. Tangu wiki mbili zilizopita hatagi, amekaa tu, ukimkaribia ananivimbia kama mimi ndiye mwizi. Nilijaribu kumtoa mara tatu, akarudi. Basi nikamwekea mayai yake nane chini yake na nikaacha. Jumanne ni siku ya 21. Mama ameniambia nisiguse kifaranga yeyote kabla hajarudi sokoni, anataka kumulika mwenyewe.